Mtakatifu: Aliyetakata au Aliyetengwa?

Miaka michache iliyopita tulikuwa msibani Machame, kumzika mama yangu mkubwa. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Kilimanjaro, umegawanyika kimadhehebu: kwa mama ni Walutheri wa Machame, kwa baba ni Wakatoliki wa Kibosho. Jioni ya siku ya pili mwinjilisti alisimama chini ya turubai, akafungua Waraka kwa Wafilipi, akasoma salamu za Paulo "kwa watakatifu wote katika Kristo Yesu". Kisha akainua macho akasema, "Na ninyi watakatifu wa hapa, nawasalimu."

Baba yangu mdogo, ambaye rozari haimtoki mfukoni, alikuwa amekaa pembeni yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Watakatifu wako mbinguni. Sisi hapa ni wakosefu, tunawaomba watuombee." Mama mdogo alimsikia. "Shemeji, si imeandikwa? Au Paulo alikosea?" Ibada ilipokwisha mjadala ukahamia jikoni, ukaendelea mpaka chai ikaisha kwenye birika. Jirani mmoja aliyekuwa akisugua sufuria, masizi yamempanda mpaka kwenye viwiko, aliwakatiza: "Sasa mimi hapa nilivyo, ni mtakatifu au si mtakatifu?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lake sijalisahau. Nimesoma, nimeuliza, na nimeona kwamba ndugu zangu wawili hawakuwa wakibishana juu ya imani peke yake. Sehemu kubwa ya ubishi wao imo ndani ya neno lenyewe, namna Kiswahili kilivyoliunda.

"Mtakatifu" si neno la kuazima. Limezaliwa humu humu, kutoka kwenye kitenzi "takata". Nguo ikifuliwa ikasuuzwa vizuri, inatakata. Mvua ikipita na mawingu yakaondoka, mbingu zinatakata. Anayesababisha hali hiyo anatakasa. Hata mahakamani siku hizi watu hushtakiwa kwa kutakatisha fedha, yaani kuzizungusha fedha chafu mpaka zionekane safi. Popote unapoligusa neno hili, picha ni moja: palikuwa na uchafu, sasa haupo.

Tena tazama mkia wake. Kiswahili kikitaka kueleza tabia iliyomkaa mtu, mara nyingi hukipa kitenzi mwisho wa "-fu" au "-vu". Anayevumilia siku zote ni mvumilivu. Anayesahau kila mara ni msahaulifu. Aliyetulia ni mtulivu. Kwa kipimo hicho mtakatifu ni mtu ambaye kutakata kumekuwa tabia yake. Ndiyo maana sikio la Mswahili linashtuka mtu akijiita hivyo. "Usijifanye mtakatifu" ni karipio ambalo kila mmoja wetu amelisikia, na maana yake ni kwamba una madoa yako, tunayajua. Baba mdogo aliposema hapa tuko wakosefu, alikuwa anasema Kiswahili sanifu kabisa.

Shida ni kwamba neno ambalo watafsiri wa Biblia walikuwa wanalitafutia mwenzake halikuanzia kwenye usafi.

Kwa Kiebrania ni "kadoshi". Wanazuoni wengi wameueleza mzizi wake kuwa ni kutengwa, kuwekwa kando kwa ajili ya Mungu, kuwa mali yake. Na Waebrania walikuwa na neno jingine kabisa la usafi. Katika Walawi 10:10 makuhani wanaamriwa kupambanua mambo mawili yaliyo mbalimbali: kitakatifu na kisicho kitakatifu, kisha najisi na safi. Chungu kinaweza kuwa safi bila kuwa kitakatifu. Ni chungu cha nyumbani tu, cha kupikia. Kuwa kitakatifu ni hatua nyingine, ya kubadilisha mmiliki. Kiswahili kimezipanga jozi hizo mbili katika mstari huo, lakini kwa kuwa takatifu na safi kwetu ni ndugu wa damu, msomaji anapita hapo bila kuona tofauti iliyokusudiwa.

Mifano miwili inaonyesha jinsi "kadoshi" isivyoanza na tabia njema. Wa kwanza ni kichaka cha Horebu. Musa anaambiwa avue viatu kwa sababu mahali anaposimama ni nchi takatifu. Lakini ile ni ardhi ya malisho, yenye vumbi na mavi ya kondoo wa mkwewe. Udongo hauna tabia njema wala mbaya. Umekuwa mtakatifu kwa sababu Mungu amesimama pale na kusema ni pake. Wa pili unashtua zaidi. Katika Mwanzo 38, watu wanaulizwa habari za mwanamke aliyekuwa kando ya njia, na Biblia zetu zinamwita kahaba. Neno la Kiebrania pale ni "kedesha", la mzizi uleule wa "kadoshi". Wanazuoni wanabishana kuhusu kazi hasa ya wanawake walioitwa hivyo, lakini neno lenyewe linaonyesha kwamba mzizi huo uliweza kumtaja mtu aliyewekwa kando bila kumsifu kwa usafi wa maisha.

Hapo ndipo inapoeleweka Paulo aliandika nini. Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho unaanza kwa kuwaita "waliotakaswa katika Kristo Yesu, walioitwa wawe watakatifu". Endelea kusoma. Sura ya 5 kuna mtu anayeishi na mke wa baba yake. Sura ya 6 wanaburutana mahakamani. Sura ya 11, kwenye chakula cha Bwana, mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Paulo anawakaripia kwa yote hayo, na vikali, ila hajafuta salamu yake ya mwanzo. Kama mtakatifu ni yule ambaye kutakata kumekuwa tabia yake, basi Paulo alianza barua yake kwa uongo. Kama ni yule ambaye Mungu amemtwaa awe wake, barua nzima inasomeka sawasawa: ninyi ni wa Mungu, sasa mbona mnaishi hivi?

Na hapa niseme jambo ambalo limenipa furaha kulivumbua. Mstari ule wa Wakorintho una maneno mawili ya mzizi mmoja, "waliotakaswa" na "watakatifu", kama ilivyo katika Kigiriki chake. "Waliotakaswa" ni kauli ya kutendwa. Kuna aliyewatakasa, nao walitakaswa tu. "Watakatifu" ni hali. Kiswahili kimeubeba uhusiano huo bila kuuvunja. Waingereza wana maneno mawili yasiyofanana hata herufi, "holy" kwa Roho na kwa Biblia, "saint" kwa Petro na kwa wale wa Filipi, na msomaji wao lazima aambiwe kwamba ni kitu kimoja. Sisi tunasema Mungu mtakatifu, Roho Mtakatifu, Baba Mtakatifu kule Roma, Mtakatifu Petro, watakatifu wa Filipi, na mtoto wa darasa la tatu anasikia kwamba yote ni neno moja. Hiyo si hasara. Ni utajiri ambao hatujautumia.

Mama mdogo basi ana haki? Kwa maandiko ya Paulo, ndiyo, na sioni njia ya kuukwepa ushahidi. Paulo anaandika kwa watakatifu wa Roma, wa Efeso, wa Filipi. Anania anamlalamikia Bwana kwamba Sauli amewatenda mabaya watakatifu wa Yerusalemu. Petro anawatembelea watakatifu waliokaa Lida. Wote hao wako hai, wanakula, wanalipa kodi. Baadhi yao ni watu wa nyumba ya Kaisari. Hakuna mwenye sanamu wala sikukuu. Tena neno karibu kila mara liko katika wingi. Paulo hamwandikii "Mtakatifu Timotheo". Watu hao ni watakatifu kwa kuwa ni watu wa Mungu kwa pamoja, kama Israeli ilivyoambiwa chini ya mlima kwamba itakuwa taifa takatifu, kabla haijapewa zile amri kumi.

Walutheri walishikilia hapo tangu karne ya 16. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo makanisa ya Kilutheri mpaka leo yanalihesabu kuwa msingi wa mafundisho yao, halikukataa kuwakumbuka watakatifu waliotangulia. Linasema wakumbukwe ili imani yao na matendo yao vituimarishe. Lilichokataa ni kuwaomba msaada, kwa hoja kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristo. Nalieleza hili kwa sababu Wakatoliki wengi ninaowajua wanadhani Mlutheri anawadharau watakatifu. Mama mdogo hana dharau hiyo. Anaogopa kwamba tukiwapandisha wachache, wengi watabaki wakijiona si wa Mungu kabisa.

Lakini ubishi haukuishia kwa Paulo, na hapa baba mdogo anastahili kusikilizwa kwa makini kuliko mama mdogo alivyomsikiliza usiku ule.

Neno halikai pale lilipozaliwa. Wakristo wa kwanza walipoanza kuuawa, walihitaji namna ya kuwataja wenzao waliokwenda mpaka mwisho. Katikati ya karne ya pili, askofu mzee Polikapo wa Smirna alipochomwa moto, waumini wake waliokota mifupa yake, wakaiweka mahali pa heshima, wakakubaliana kukutana hapo kila mwaka kuadhimisha siku ile, ambayo waliiita siku ya kuzaliwa kwake. Hakukuwa na ofisi ya kupitisha lolote. Ulikuwa upendo wa watu waliomjua. Watu waliendelea hivyo kwa karne nyingi, kila mahali na wake, mpaka mwaka 993 Papa Yohane XV alipomtangaza Ulrich, askofu wa Augsburg, na huyo ndiye wa kwanza tunayemjua kutangazwa rasmi na Papa. Kufikia karne ya 13 jambo hilo likawa mikononi mwa Roma peke yake. Hivyo sifa ikageuka cheo, na cheo kikapata kifupisho chake, "Mt.", tunachokiona kwenye vibao vya parokia na zahanati.

Kuna hasara hapo, sikatai. Lakini faida yake nimeiona kwa macho yangu Namugongo, Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mahali pale kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14. Wakatoliki 22 waliouawa kati ya 1885 na 1887 walitangazwa wenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa watakatifu, mwaka 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu. Kila mwaka ifikapo Juni watu wanatembea kwa miguu kwenda huko kutoka pande zote za Uganda, wengine kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, siku na wiki njiani, miguu imevimba, watoto mgongoni. Mwaka niliokwenda nilikaa karibu na mwanamke aliyekuwa anachovya miguu yake kwenye beseni la maji ya chumvi. Alimtaja Kizito kama anavyotajwa mtoto wa jirani. "Alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho," aliniambia, "na hakurudi nyuma." Huwezi kumwambia mama yule kwamba yeye na Kizito ni watakatifu sawasawa, basi. Anajua kwamba kuna kitu kwa mtoto yule ambacho bado hajakifikia, na kujua huko ndiko kulikomtoa nyumbani.

Baba mdogo anasimama hapo. Waraka kwa Waebrania unautaja utakatifu kama kitu cha kutafutwa kwa bidii, ambacho bila hicho hakuna atakayemwona Bwana. Petro anawaambia waumini wawe watakatifu katika mwenendo wao wote. Kama ni jambo lililokwisha tangu ubatizo, wa nini kutafutwa? Mtu aliyetengwa kwa ajili ya Mungu lakini maisha yake hayatakati, tumwite nani? Swali hili Kiswahili kinaliuliza vizuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu mzizi wetu ni wa usafi.

Lazima niongeze, kwa haki, kwamba waliouawa kwa imani enzi zile si Wakatoliki peke yao. Waanglikana walikuwa 23 kwa hesabu inayotajwa siku zote, na wana mahali pao palepale Namugongo. Miaka kumi hivi kabla yao, Kabaka Mutesa I aliwaua huko Waislamu waliokataa kuiweka amri yake juu ya dini yao. Kote tunawaita mashahidi, na neno hili la Kiarabu limekubalika msikitini na kanisani bila ugomvi. Shahidi ni aliyeona na akasema. Laiti "mtakatifu" lingekuwa na bahati hiyo.

Waislamu wa pwani nao wana mjadala wao, na unafanana na wetu kuliko tunavyodhani. Kwao "mtakatifu" si neno la kumwita mtu. Kitabu ni Kurani Tukufu, mwezi ni mtukufu. Na tafsiri za Kiswahili zinapofika kwenye jina Al-Quddus, ambalo ni la mzizi mmoja na "kadoshi", huandika "Mtakatifu", yaani Mwenyezi Mungu mwenyewe. Mtu wa Mungu ni walii. Mzizi wa walii haugusi usafi wala kutengwa. Ni ukaribu. Baba anayemsimamia binti yake siku ya nikaha ni walii wake, kwa sababu yeye ndiye wa karibu na mwenye dhamana. Liwali wa zamani, aliyetawala mji kwa niaba ya sultani, ametoka kwenye mzizi huohuo. Walii wa Mwenyezi Mungu, basi, ni aliye karibu naye, aliye chini ya ulinzi wake.

Ni nani huyo? Sura ya Yunus, aya ya 62 na 63, inasema vipenzi vya Mwenyezi Mungu hawatakuwa na hofu wala hawatahuzunika, kisha inawaeleza: ni walioamini na wakawa wachamungu. Imamu At-Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 933, aliandika katika itikadi yake inayosomeshwa mpaka leo kwamba waumini wote ni mawalii wa Mwingi wa Rehema, na aliye bora zaidi ni anayemtii na kuifuata Kurani zaidi. Soma tena maneno hayo ukimfikiria Paulo. Hata hivyo Lamu watu wanamiminika kila mwaka kwa Maulidi ya Habib Saleh, aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, na wengi hawaondoki bila kuzuru kaburi lake. Wapo masheikh wanaoipinga ziara ya namna hiyo kwa hoja ambazo Mlutheri angezitambua mara moja, na wapo wanaoitetea kwa hoja za baba yangu mdogo: kumpenda mtu ambaye Mungu alimpenda si kumwabudu. Sina elimu ya kuingia katikati yao. Ninachokiona ni kwamba jamii mbili zilizotumia maneno tofauti kabisa zimefika njia panda ileile, kwa hiyo lawama yote haiwezi kuwekwa juu ya tafsiri mbaya ya Kiswahili.

Lakini Kiswahili kilikuwa na neno jingine mkononi, na hili ndilo ningependa tulirudishe mezani. Neno hilo ni wakfu.

Mtu wa pwani akitoa shamba lake la minazi wakfu, shamba lile limetoka mikononi mwa watu. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Nazi zake ni za msikiti au za maskini aliowataja. Zanzibar kuna kamisheni ya serikali inayosimamia mali za namna hiyo. Sasa nenda ukalitazame shamba lenyewe. Minazi yake ni kama ya jirani. Magugu yanaota, panya wanatoboa madafu, makuti yanadondoka. Hakuna kilichobadilika katika udongo siku mwenyewe alipotamka wakfu. Kilichobadilika ni mwenye shamba. Na kwa kuwa sasa ni la Mungu, anayelisimamia ana sababu kubwa zaidi ya kung'oa magugu kuliko aliyekuwa nayo mwenye mali wa kwanza.

Biblia zetu zimelitumia neno hili kwa makuhani na vyombo: Haruni na wanawe wanawekwa wakfu, na maaskofu wetu leo wanawekwa wakfu. Halikutumika kwa waumini wa kawaida. Kwao likachukuliwa la kutakata. Siwalaumu watafsiri, "wakfu" lilinukia mali na sheria za misikiti, na "takatifu" lina uzuri wake. Ila kila ninaposoma "watakatifu wote walioko Filipi" najaribu kulisikia shamba lile chini ya neno, na mstari unafunguka.

Hata watawa wetu wana kumbukumbu hiyo. Mtawa ametokana na kutawa, yaani kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Katika Zaburi ya 30 ya Union Version ya mwaka 1952 wanaoambiwa wamwimbie Bwana ni "watauwa wake", na pale Kiebrania hakina "kadoshi". Kina neno la uaminifu na fadhili. Kwa hiyo Mswahili amekuwa na njia kadhaa za kumtaja mtu wa Mungu: aliyetakata, aliyetawa, aliyewekwa wakfu, aliye karibu, aliyetukuzwa. Tumeliacha la kwanza libebe mzigo wa yote.

Mzigo huo unaonekana zaidi anapotajwa mtu tuliyemjua. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumwombea Julius Nyerere atangazwe mwenyeheri, na tangu hapo Wakatoliki humwita Mtumishi wa Mungu. Kila habari hiyo inapotokea Watanzania hugawanyika, na hoja ya wanaopinga ni ya kutakata. Wanataja sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi. Wanawataja waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya 1970, nyumba zao zikiachwa nyuma. Wanauliza, huyo ametakata vipi? Wanaomtetea nao wanajibu kwa kipimo hichohicho: hakuiba, hakujenga kasri, alikwenda misa karibu kila siku, aliachia madaraka kwa hiari. Kila upande unahesabu madoa.

Kanisa lenyewe halisemi kwamba mtakatifu ni mtu asiyewahi kukosa. Linachunguza kama aliishi imani, matumaini na mapendo kwa kiwango cha kishujaa, na linataka muujiza. Petro alimkana Bwana mara tatu na bado kibao kinasema Mt. Petro. Mimi sijui uchunguzi utafikia wapi, wala sitaki makosa yale yafunikwe kwa ajili ya cheo. Walioumizwa na vijiji vya ujamaa wana haki ya kusikilizwa hata mbele ya altare. Nasema tu kwamba swali "alikuwa na doa?" ni swali la nguo iliyofuliwa. Swali la "kadoshi" lingekuwa: alikuwa wa nani, na aliishi kama wa nani? Hilo ni gumu zaidi kulijibu, kwa upande wowote.

Ukiniuliza nasimama wapi, nasimama karibu na mama mdogo kuliko baba mdogo, japo nilibatizwa upande wa baba. Neno kwanza ni la wote. Roma yenyewe imesema hivyo kwa njia yake: tarehe 21 Novemba 1964, mwezi mmoja tu baada ya mashahidi wa Uganda kutangazwa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu Kanisa, na sura yake ya tano inafundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa waumini wote, wa kila hali ya maisha. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliandika juu ya watakatifu wa mlango wa jirani, wazazi wanaolea watoto kwa upendo mkubwa, wanaofanya kazi ili kuleta mkate nyumbani. Ila simwachi baba mdogo, kwa sababu shamba la wakfu lililoachwa likawa pori ni aibu kwa jina la aliyepewa. Kizito wa Namugongo ananionyesha shamba lililolimwa lilivyo. Bila yeye ningeridhika na hati miliki.

Siku ya tatu tulimzika mama mkubwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi kwetu. Mchungaji alituongoza kuungama Imani ya Mitume, na wote tuliikiri, Walutheri na Wakatoliki, kwa sababu ni ileile. Tulipofika kwenye "ushirika wa watakatifu" nilimtazama baba mdogo, nikamtazama mama mdogo. Kila mmoja aliyatamka kwa nguvu, akimaanisha lake. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba Kilatini cha maneno yale hakikati shauri: kinaweza kuwa ushirika wa watu watakatifu, na kinaweza kuwa ushirika katika vitu vitakatifu, mkate na divai. Kiswahili, kwa ngeli zake, hakikuweza kuacha mlango wazi. Kililazimika kuchagua, na kikachagua "wa-". Watu. Jirani wa masizi alikuwa nyuma yangu, ameshika jembe akisubiri kufukia, na yeye pia alisema.